Seti ya relei, dikoda na waya wa ethi: kipi hasa kinatuliza taa za mbele zinazochezacheza

Mwenye gari ambaye taa zake za mbele zinachezacheza, akiingia duka la vipuri au akipekua mtandaoni, atauziwa kimojawapo kati ya vitu vitatu: seti ya nyaya zenye relei (swichi inayoamshwa na umeme mdogo ili kupitisha mkubwa), kidude cheusi kinachoitwa dikoda cha kufungwa kwenye balbu za LED, au waya mnene wa ethi, ule unaorudisha umeme kwenye bodi ya gari na betri. Vyote vitatu vinafanya kazi. Tatizo ni kwamba kila kimoja kinatibu ugonjwa wake, na muuzaji haulizi gari linaumwa nini.

Kwa gari la balbu za halojeni, seti ya relei ndiyo yenye faida kubwa, mradi waya wake uwe wa shaba kweli. Dikoda ni ya kununua kwa masharti. Waya wa ethi hauna sura ya kuvutia dukani, lakini ndio unaomaliza kesi nyingi, na mara nyingi hata kuununua si lazima kwa sababu wa zamani unahitaji kusafishwa tu.

Kabla ya kutoa pesa

Chukua multimita (mita ya kupimia umeme), hata ile ya kawaida kabisa, na uangalie taa zinacheza lini. Ukiziwasha injini ikiwa imezimwa zikatulia, kisha zikaanza kucheza injini inapowaka, achana na balbu na utazame alteneta, mashine inayozalisha umeme injini ikiwaka. Zikicheza gari linapopita kwenye matuta au mashimo, kuna kiungo kilicholegea. Ikicheza moja na nyingine imetulia, kosa liko upande huo: soketi, ethi ya upande huo, au balbu yenyewe. Zikianza vizuri halafu zikacheza baada ya dakika kumi au kumi na tano, joto ndilo linalofungua kiungo fulani, na mtuhumiwa wa kwanza ni soketi iliyoungua. Na kama zilianza kucheza siku ile ile ulipotoa halojeni ukaweka LED, huna haja ya kutafuta mbali.

Tuanze na betri. Injini ikiwa imezimwa na gari limepumzika saa kadhaa, betri iliyojaa husoma volti 12.6. Ikisoma 12.4 imebaki na robo tatu hivi. Washa injini, washa taa, feni na kioo cha nyuma cha kupasha moto, ukanyage mafuta kidogo hadi mizunguko 2,000: unatarajia kati ya 13.8 na 14.5. Ikishuka chini ya 13.2, mkanda wa alteneta unateleza au brashi zake zimekwisha. Ikipanda juu ya 15 na kushuka, regulata (kidhibiti cha volti za alteneta) imekufa, na hapo balbu zitaungua moja baada ya nyingine hata ukizinunua za bei kubwa kiasi gani. Angalizo kwa magari ya miaka ya karibuni: alteneta zao huongozwa na kompyuta, na volti zinaweza kutembea kutoka 12.5 hadi 15 makusudi ili kuokoa mafuta. Huko, kupanda na kushuka polepole si ugonjwa. Ugonjwa ni kutetema.

Kipimo ambacho mafundi wengi hukiruka ni cha daiodi za alteneta, vile vinavyogeuza umeme wake wa AC (wa mawimbi) kuwa wa DC (wa moja kwa moja). Weka mita kwenye volti za AC, vijiti kwenye vichwa vya betri, injini ikinguruma na taa zikiwaka. Alteneta nzima huonyesha chini ya 0.1. Ikipita 0.5, daiodi mojawapo imekufa na umeme unaokuja umejaa mawimbi, na mawimbi hayo ndiyo unayoyaona kwenye taa. Mita nyingine za bei ya chini zikiwekwa AC husoma pia volti za DC, zikakuonyesha 28 au zaidi na kukutia hofu bure. Badilisha vijiti, chekundu kiende hasi na cheusi chanya: ikionyesha sifuri, mita yako ni ya aina hiyo na haifai kwa kipimo hiki. Kama kosa ni alteneta, hakuna hata kimoja kati ya vifaa vitatu kitakachokusaidia. Relei haisafishi mawimbi.

Waya wa ethi

Hiki ndicho tunachopendekeza kwanza, kwa sababu kipimo chake huchukua dakika mbili na hakihitaji kufungua chochote. Weka mita kwenye DC volti 20. Kijiti cheusi kiguse kichwa hasi cha betri (kichwa chenyewe, si kibanio). Chekundu kipenyeze nyuma ya soketi ya balbu kiguse pini ya ethi, soketi ikiwa imechomekwa na taa inawaka. Taa isipowaka kipimo hakina maana, kwa kuwa volti hupotea pale tu ambapo mkondo unapita. Ukisoma chini ya 0.1, ethi ni nzima. Ukisoma 0.2 au 0.3, kuna kutu mahali. Ukisoma 0.5 na zaidi, na hasa namba ikicheza pamoja na taa, umemkamata mwizi.

Sasa fuata waya huo. Kwenye magari mengi unaishia kwenye bolti ya spana namba 10 karibu na taa au nyuma ya bampa, mahali panaporushiwa maji na tope kila siku. Fungua bolti. Chini ya kile kidude cha mviringo kilichobanwa mwishoni mwa waya utakuta rangi ya gari, au ungaunga wa kutu mwekundu, au vyote viwili. Piga msasa bodi mpaka chuma king'ae, piga msasa na kidude chenyewe pande zote mbili, funga bolti ukaze, ndipo upake grisi juu. Watu hupaka grisi kwanza halafu wakakaza, wakidhani inapitisha umeme. Grisi haipitishi umeme, kazi yake ni kuzuia maji, na inakaa nje ya mgusano.

Waya wa kununua una nafasi yake pale ambapo wa zamani umeoza ndani ya nailoni. Utaujua kwa kuukunja: mzima hukunjika kwa ulaini, uliooza unatoa mlio wa kukwaruza na nyuzi zake zimekuwa nyeusi au kijani. Badilisha kwa waya wa milimita za mraba 2.5 kwa kila taa. Kati ya injini na bodi, ambako hupita mkondo wa starta, usishuke chini ya 16. Zile seti zinazouzwa zikiwa na nyaya tano za rangi za kupendeza na ahadi za kuongeza nguvu za injini zinabeba nyaya nne usizozihitaji.

Ukiwa hapo hapo, osha vichwa vya betri. Toa hasi kwanza, mwaga maji ya vuguvugu yenye magadi juu ya ule unga mweupe wa kijani, sugua kwa brashi ya waya, suuza, kausha, rudisha chanya kwanza na hasi mwisho.

Seti ya relei

Ndani ya pakiti ya kawaida ya H4, aina ya balbu yenye fulu na dimu ndani yake, kuna relei mbili za pini nne au tano, kishikio cha fyuzi, soketi mbili za kike za kuchomeka balbu, plagi moja ya kiume inayoingia kwenye soketi ya zamani ya gari, na vidude vya mviringo vya kufunga kwenye betri na kwenye bodi. Maana yake ni kwamba umeme wa balbu hautapita tena kwenye swichi ya usukani na waya mwembamba wa kiwandani. Unatoka betri moja kwa moja, na swichi inabaki na kazi ndogo ya kuamsha relei, ambayo hula karibu ampea 0.15 tu.

Hesabu inaonyesha kwa nini hii ina uzito. Balbu ya H4 hula wati 60 kwenye fulu (mwanga wa mbali) na 55 kwenye dimu (mwanga wa karibu), kwa hiyo balbu mbili kwenye fulu ni karibu ampea 10. Waya wa shaba wa milimita za mraba 0.75 wenye urefu wa mita tano unapoteza kama volti 1.2 kwa mkondo huo, kabla hujahesabu swichi iliyochakaa. Waya wa 2.5 wenye urefu wa mita tatu unapoteza 0.2. Kwenye halojeni tofauti hiyo huonekana kwa macho, maana volti zikipungua kwa asilimia 10, mwanga hupungua kwa karibu asilimia 30. Taa inayocheza kwa sababu ya swichi iliyochoka hutulia siku hiyo hiyo, na barabara inaonekana mbali zaidi.

Sasa udhaifu wa bidhaa yenyewe. Wa kwanza ni waya. Seti nyingi za bei ya chini zina nailoni nene na nyuzi chache, tena za aluminiamu iliyopakwa shaba, ambayo upinzani wake ni karibu mara moja na nusu ya shaba halisi. Pakiti haitakuambia. Kata kipande cha sentimita mbili mwishoni, toa nailoni, kwangua uzi mmoja kwa wembe: ukiona fedha chini ya wekundu, ni aluminiamu au angalau waya uliopakwa. Kuhakikisha, shika uzi huo kwa koleo juu ya moto wa kiberiti cha gesi. Shaba itawaka nyekundu na kubaki wima, wakati aluminiamu inalegea na kukatika. Ikikatika, irudishe dukani. Sumaku haisaidii hapa kwa sababu haivuti shaba wala aluminiamu.

Wa pili ni soketi. Chagua za seramiki. Za plastiki hulainika kwa joto la balbu, pini zikalegea, na mwaka haujaisha taa inacheza tena kwa ugonjwa ule ule uliokutuma dukani. Pini za kike ziwe na bano kali: ingiza balbu, kisha ujaribu kuichomoa kwa vidole viwili. Ikitoka bila ubishi, zibane kidogo kwa bisibisi ndogo au uachane nazo.

Wa tatu ni mahali pa fyuzi. Inatakiwa iwe karibu na betri, ndani ya sentimita 20 hivi, kwa sababu kipande cha waya kati ya betri na fyuzi hakina ulinzi wowote. Seti zinazoweka fyuzi karibu na relei, mita moja kutoka betri, zina kasoro ya usanifu, ikate uisogeze. Fyuzi ya ampea 15 au 20 inatosha kwa jozi ya 60/55. Ukikuta 30, mtengenezaji amefikiria kuuza balbu za wati 100, na hizo zitachoma kioo cha taa kabla ya kukusaidia.

Kufunga si kazi ya siku nzima. Toa hasi ya betri. Funga relei kwenye bodi, pini zikitazama chini ili maji yasiingie. Pini 30 inapokea umeme wa betri kupitia fyuzi, 87 inaenda kwenye balbu, 86 inapokea amri kutoka soketi ya zamani, 85 inaenda ethi. Relei moja ni ya fulu na nyingine ni ya dimu. Soketi ya zamani ya upande wa pili, ambayo sasa haina kazi, ifunge kwa tepu au mfuko wa mpira isije ikanywa maji. Kila taa ipewe ethi yake kwenye chuma kilichopigwa msasa. Viungo vya waya vibane kwa koleo la kubania kisha vivalishe mpira wa kusinyaa kwa moto. Risasi ya kulehemu peke yake hufanya waya kuwa mgumu, ukakatika kwa mtetemo pale risasi inapoishia.

Halafu kuna mitego miwili ambayo maelezo ya pakiti hayaigusi. Baadhi ya magari ya Kijapani, hasa Toyota za zamani, yana mpangilio wa kinyume: waya wa pamoja kwenye balbu ni chanya, na swichi hukata na kuunganisha upande wa ethi. Chomeka seti ya kawaida hapo na taa hazitawaka, au taa ya bluu ya fulu kwenye dashibodi itafanya vituko. Pima kabla ya kununua: soketi ikiwa wazi na taa zimewashwa, kama pini moja ina volti 12 iwe uko fulu au dimu, gari lako ni la aina hiyo na unahitaji seti iliyoandikwa kuwa ya swichi hasi.

Mtego wa pili ni magari ambayo kompyuta hulisha balbu kwa mapigo ya haraka badala ya umeme wa moja kwa moja, jambo la kawaida pale balbu kubwa inapotumika pia kama taa ya mchana. Relei ikipewa mapigo hayo inanguruma kama nyuki na kuwasha na kuzima taa, kwa hiyo utakuwa umenunua ugonjwa uliokuwa unaukimbia. Isitoshe, kompyuta ikiona ampea 0.15 badala ya 5 inadhani balbu imekufa na kuwasha onyo. Kwa magari haya seti ya relei si ya kununua, labda ile iliyojengewa kapasita.

Dikoda

Mapigo hayo hayo ndiyo yanayochezesha LED. Uzi wa halojeni unachelewa kupoa, kwa hiyo hauoni mapengo kati ya pigo na pigo. LED inazimika papo hapo na kuwaka papo hapo, jicho likaona kumeta. Kompyuta nyingine hutuma pigo fupi hata taa ikiwa imezimwa, kupima kama balbu ipo, na LED inapepesa gizani gari likiwa limeegeshwa.

Dikoda inachomekwa kati ya soketi ya gari na balbu ya LED. Ndani mna kapasita ya kujaza mapengo na, kwenye nyingi, rezista ya kula umeme ili kompyuta iridhike. Maandishi ya CANBUS (jina la mtandao wa kompyuta za gari) juu yake ni ya biashara zaidi, kwani kidude hiki hakizungumzi na mtandao wa gari hata kidogo. Jaribio la haraka la kujua kama kapasita ipo: zima taa. Ikififia kwa kuchelewa kidogo badala ya kukatika ghafla, ipo. Ikikatika ghafla, umeuziwa rezista tupu, itakayozima onyo la dashibodi na kuacha kumeta kuendelee.

Rezista ya omu 6 kwa volti 14 hula wati 33 hivi, na wati zote hizo zinageuka joto. Inapita nyuzi 100 kwa urahisi, ndiyo maana maboksi mengine yana ganda la aluminiamu lenye matundu ya bolti. Lifunge kwenye chuma cha bodi, mbali na nyaya na plastiki ya taa. Kuliacha likining'inia kwenye waya, au kulifunga kwa tepu nyuma ya taa, ni kuomba moshi. Uzito wa boksi ni kipimo kizuri mkononi: jepesi kama karatasi halina chochote cha maana ndani.

Kabla ya kununua dikoda, geuza plagi ya LED. Balbu nyingi za H7, aina yenye mwanga mmoja tu, zinajali chanya na hasi, na ikiingia kinyume haiwaki au inameta. Pia gusa kipoozeo cha balbu baada ya dakika ishirini: kama LED inacheza ikishapata moto tu na feni yake haizunguki, kosa liko kwenye balbu yenyewe na dikoda itaongeza joto bure.

Hukumu yetu kwa dikoda ni ya katikati. Inatuliza kumeta kwa mapigo, basi. Haibadilishi ukweli kwamba taa iliyosanifiwa kwa halojeni, ikiwekewa LED, mara nyingi hutawanya mwanga na kuwachoma macho wanaokuja mbele, na nchi nyingi haziruhusu mbadala huo barabarani. Kurudisha halojeni ya H7 nzuri huondoa kumeta bila dikoda wala rezista, na kwa gari la mapigo ndilo tungelifanya kwanza.

Wenye taa za zenoni wanaweza kuruka vyote vitatu. Zenoni inayocheza na kugeuka rangi ya waridi au zambarau imezeeka. Hamisha balbu ya kushoto iende kulia: ugonjwa ukihama nayo, nunua balbu, tena mbili pamoja ili rangi zilingane. Ukibaki pale pale, ni balasti (boksi linaloiwasha balbu ya zenoni) au kiungo chake. Fanya hivyo taa zikiwa zimezimwa na hasi ya betri imetolewa, kwa sababu balasti hurusha zaidi ya volti 20,000 wakati wa kuwasha.

Chochote utakachofunga, rudia kipimo ukiwa umemaliza. Kichwa chanya cha betri hadi pini ya chanya ya balbu, taa ikiwaka na balbu mahali pake: kwa seti nzuri ya relei mita isome 0.3 au chini. Juu ya 0.5, rudi kwenye viungo ulivyobana mwenyewe na uanze na kishikio cha fyuzi, kwa maana ndicho kinachobanwa vibaya mara nyingi kuliko vingine kwenye seti hizi.